Gari linalia ukikata kona? Sikiliza kwanza, kipuri baadaye

Umetoka Migori asubuhi na Probox yako, umepita Awendo salama, redio iko juu. Unafika Rongo, unakata kushoto kuingia barabara ya Homa Bay, unakanyaga mafuta, na hapo unasikia ka-ka-ka-ka kutoka mbele. Ukinyoosha usukani, kimya. Basi unaongeza sauti ya redio. Wengi wetu tumefanya hivyo.

Ukifika Homa Bay unaegesha kwa mafundi wa jua kali. Mmoja anapiga gurudumu teke, anakwambia: "Omera, hizi ni shoki. Leta zote mbili." Unatoa doo, zinafungwa, na jioni ukirudi pale pale Rongo, kelele ni ile ile. Fundi si lazima awe tapeli. Alikisia tu, na anayelipia makisio ni mwenye gari.

Sehemu ya mbele ya gari ina vitu vingi vinavyoweza kulia kwenye kona, na kila kimoja kina sauti yake. Ukimwambia fundi sauti ni ya aina gani, inatoka upande upi na inakuja lini, utakuwa umemrahisishia kazi sana.

Tuanze na ile ka-ka-ka ya Rongo. Probox nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele. Shafti inayozungusha gurudumu lazima pia ikubali kupinda unapokata kona, ndiyo maana mwishoni ina jointi, ile mafundi huita CV. Ndani yake mna gololi za chuma zilizojaa grisi, na nje imevikwa buti ya mpira. Buti ikipasuka, grisi hurushwa nje, mchanga na tope huingia, na chuma huanza kusagana. Kama unapita barabara za murram za Ndhiwa au Nyatike kila wiki, unajua ni mchanga kiasi gani tunazungumzia.

Kuipima ni rahisi. Tafuta uwanja mtupu, zima redio, fungua madirisha. Kunja usukani wote kushoto, zunguka polepole ukikanyaga mafuta kidogo, kisha ufanye vivyo hivyo kulia. Ikilia zaidi ukienda kushoto, mshuku yule wa kulia, kwa sababu gurudumu la nje ya kona ndilo linalobeba mzigo. Halafu chungulia nyuma ya gurudumu: ukiona grisi imerukia rimu kwa ndani, huhitaji shahidi mwingine.

Hapa ndipo pesa inapookolewa. Buti iliyopasuka leo, jointi ikiwa bado kimya, inasafishwa, inajazwa grisi mpya na kuvikwa buti nyingine. Ikishaanza kulia, kuongeza grisi ni kununua siku chache tu. Jointi inabadilishwa.

Sauti nyingine huja hata gari likiwa limesimama. Unakunja usukani ukiegesha, unasikia tong', kama springi imeachiliwa ghafla. Mwambie rafiki akunje usukani polepole huku umeweka kiganja juu kabisa ya shokomzoba, chini ya boneti. Ukihisi inashtuka au kuruka badala ya kuzunguka laini, ni maunti ya juu au beringi yake. Usiingize vidole kwenye springi, tafadhali. Na ukiambiwa Probox imeishiwa mafuta ya usukani, uliza chupa yake iko wapi. Usukani wa Probox husaidiwa na mota ya umeme, hauna mafuta. Mlio wa kunguruma wa pampu ni wa magari yenye usukani wa mafuta, kama Corolla za zamani.

Sasa ile ya kuogopa. Unakata kona polepole kwenye shimo au tuta, unasikia mkwaruzo kama mlango mkuukuu, kisha kong'. Hiyo inaweza kuwa bol jointi, kile kifundo kinachoshikilia gurudumu kwenye mkono wa chini. Kikichomoka, gurudumu hulala ubavu na gari haliendi tena unakotaka. Sasa fikiria Probox ya viti vitano iliyobeba watu wanane. Hiyo si kelele ya kusubiri mwisho wa mwezi. Simama.

Kuikagua, inua gari kwa jeki mahali tambarare, weka stendi, kamwe usitegemee jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, ni bol jointi au beringi ya gurudumu. Fundi ataingiza mtaimbo chini ya mkono na kuona kama kifundo ndicho kinachocheza. Shika kushoto na kulia: likicheza hapo tu, tai rodi imeisha. Beringi mbovu pia huvuma, vuuu inayopanda na mwendo na kubadilika ukiyumbisha usukani.

Linki hugonga zaidi kwenye vishimo vidogo kuliko kwenye kona. Na kabla ya yote, angalia kama tairi kubwa kupita kiasi linakwaruza plastiki ya ndani usukani ukiwa umekunjwa mwisho, au kama kajiwe kamekwama nyuma ya diski. Nimeona watu wakivua gurudumu, kajiwe kakaanguka, kila mtu akaenda nyumbani.

Kipuri kikifungwa, rudi kwenye ule uwanja mtupu na fundi akiwa ndani ya gari, mzunguke tena kushoto na kulia kabla hujalipa. Omba ukae na kipuri cha zamani. Kama ni tai rodi iliyobadilishwa, alainimenti ipimwe siku hiyo hiyo, la sivyo tairi zako mpya zitaliwa upande mmoja kabla hujazoea ule utulivu.