Ngumi Zipigwazo kwa Mdomo

Mwezi wa Agosti unapofika katika miaka ya namba shufwa, kama ilivyokuwa 2022 na 2024, kijana wa Kibukusu anayetaka kutahiriwa huenda kwanza kwa mjomba wake. Huko Matulo, na katika nchi yote ya Bungoma hata kufika Kitale, desturi hiyo inajulikana sana. Mjomba humchinjia ng'ombe na kumvika nyama shingoni, lakini pamoja na heshima hiyo humkaripia mbele ya watu. Humwambia kwamba kama moyo wake unatetemeka ni afadhali arudi nyumbani sasa hivi, kuliko kuwaaibisha wazee wake kesho. Alfajiri inayofuata kijana hupakwa tope la mtoni, akaenda kusimama wima mbele ya kisu bila kupepesa jicho.

Basi mtu aliyezaliwa huko, anaposikia habari za mabondia wanaotishana siku chache kabla ya kupigana, anayo njia yake ya kuzifahamu. Tofauti ni moja tu. Mjomba hutisha ili kijana apate nguvu, na bondia hutisha ili mwenzake avunjike.

Afrika Mashariki imepata fundi mkubwa wa kazi hii katika Bwana Karim Mandonga wa Tanzania, aitwaye Mtu Kazi. Ajabu yake ni kwamba sifa zake hazikutokana na ushindi. Mwaka 2022 huko Songea alijigamba sana kabla ya kupambana na Bwana Shaban Kaoneka, akapigwa, na bado watu wakampenda kuliko aliyempiga. Tangu hapo akawa na desturi ya kuzipa ngumi zake majina, kama mwindaji anavyowapa mbwa wake majina. Ilikuwapo Ndoige, na alipokuja Nairobi mwezi wa Januari 2023 kupigana na Bwana Daniel Wanyonyi wa Kenya, alitangaza kwamba amekuja na nyingine mpya iitwayo Sugunyo.

Hakuna aliyejua Sugunyo ni ngumi ya namna gani, na hiyo ndiyo iliyokuwa hila yenyewe. Ngumi ya kulia ya kawaida kila bondia amekwisha kuiona mara elfu, naye anajua jinsi ya kuikwepa. Lakini ngumi yenye jina na isiyo na sura huingia kichwani mapema, ikakaa humo usiku kucha. Tarehe 14 Januari, katika Jumba la Mikutano la Kenyatta, Bwana Wanyonyi alishindwa kabla ya raundi zote kwisha. Wako waliosema ni Sugunyo iliyomwangusha, na wako waliocheka. Yafaa pia kukumbuka kwamba maneno ya namna hii huuza tikiti, na kwamba bondia mwenye kelele hujaza ukumbi hata kama mikono yake ni ya kadiri tu.

Hata hivyo si biashara peke yake. Mtu mwenye hofu hukaza mabega, na pumzi yake huwa fupi. Hutupa ngumi nyingi mapema ili mambo yaishe upesi, na ifikapo raundi ya nne mikono imekuwa mizito, mfano wa mtu aliyelima kwa hasira tangu asubuhi na jua halijafika utosini.

Jambo hili lilionekana wazi huko Miami Beach, Marekani, tarehe 25 Februari 1964. Bingwa wa uzito wa juu wakati huo alikuwa Sonny Liston, mtu aliyewahi kufungwa gerezani, ambaye silaha yake ilikuwa kunyamaza na kukodoa macho. Ilisemekana kwamba alivaa mataulo chini ya joho lake ili aonekane mpana zaidi apandapo ulingoni. Wengi walikwisha kushindwa naye kabla ya kengele kulia. Mpinzani wake alikuwa kijana wa miaka 22, Cassius Clay, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Muhammad Ali. Huyu aliona kwamba mtu aliyezoea kuogopwa na watu wenye akili timamu huenda akamwogopa mwenda wazimu. Alikwisha kumfuata Liston hata nyumbani kwake usiku, akampigia kelele mlangoni. Siku ya kupimwa uzito alipiga makelele na kurukaruka hata akatozwa faini ya dola 2,500, na daktari alipomshika mkono alikuta moyo unapiga mara 120 kwa dakika. Saa chache baadaye ulikuwa umetulia kabisa. Jioni ile, kengele ya raundi ya saba ilipolia, Liston alibaki ameketi kwenye kiti chake.

Miaka kumi baadaye, tarehe 30 Oktoba 1974, mtu huyo huyo alifanya kazi yake huko Kinshasa juu ya George Foreman, aliyekuwa amepigana mara 40 bila kushindwa. Foreman alikuwa mkimya, naye alifika na mbwa wake mkubwa, asijue kwamba mbwa wa namna ile aliwakumbusha wenyeji polisi wa Wabelgiji. Ali alitembea barabarani pamoja na watoto, na mji mzima ukajifunza kuimba kwa Kilingala kwamba amuue mwenzake. Ndani ya ulingo aliegemea kamba, akimwuliza Foreman sikioni kama hizo ndizo ngumi zake zote. Katika raundi ya nane Foreman alianguka.

Lakini si kila neno hurudi tupu kwa aliyelitoa. Asubuhi ya tarehe 24 Machi 1962, katika mji wa New York, bondia wa Kuba aliyeitwa Benny Paret alimgusa mpinzani wake Emile Griffith kwenye mizani, akamtusi kwa neno la Kispania lililomvunjia heshima ya uanaume wake. Griffith alitaka kumpiga papo hapo, akazuiwa. Usiku, katika raundi ya 12, Paret alinaswa kwenye pembe ya ulingo, naye Griffith akampiga mfululizo hata refa alipokuja kumwondoa, yule mwingine hakuwa na fahamu tena. Alifariki tarehe 3 Aprili bila kuzinduka. Griffith aliishi hadi 2013, na maisha yake yote aliulizwa habari za usiku ule. Paret alitaka kumtia mwenzake hofu, akamtia hasira. Na mtu akiwa kwenye mizani hawezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili ameliamsha.

Bwana Mandonga hakupata kufika huko. Matusi yake yalikuwa ya kuchekesha, na huenda hiyo ndiyo sababu wapinzani wake waliweza kurudi tena kupigana naye. Bwana Wanyonyi alirudi. Jina lake ni la kawaida sana huko Matulo. Wabukusu humpa mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa palizi, ambapo mkulima huinama na kurudia mstari ule ule hata magugu yaishe. Walikutana tena Nairobi tarehe 22 Julai 2023, katika ukumbi wa Sarit. Majigambo yalikuwa yale yale kama ya Januari. Safari hii, hata hivyo, Bwana Wanyonyi alikuwa amekwisha kuzionja ngumi zile kwa mwili wake, akajua uzito wake bila kuelezwa na mwenyewe. Raundi zikapita moja baada ya moja bila yeye kuanguka, na waamuzi walipohesabu pointi, mshindi alikuwa Wanyonyi.