2,147,483,647: Namba Iliyoshinda Kaunta ya YouTube, Sasa Inangoja 2038

Unakumbuka Gangnam Style? Ile ngoma ya Psy wa Korea Kusini iliyotoka 2012. Sasa, Desemba 2014 hiyo ngoma iliwaletea YouTube ngori ya hesabu. Views zilipita 2,147,483,647 na kaunta yao haikuwa imeundwa kwenda zaidi ya hapo. Ikabidi waibadilishe.

Lakini mbona hiyo namba, na si bilioni mbili kamili?

Cheki hivi. Kompyuta huhesabu kwa swichi: ama imewaka, ama imezima. Swichi ya kwanza ina thamani ya 1, inayofuata 2, halafu 4, 8, 16, kila moja mara mbili ya iliyotangulia. Mashine nyingi za kitambo zilipewa swichi 32 kwa kila namba. Moja huwekwa kando kuonyesha kama namba iko juu au chini ya sifuri. Zinabaki 31. Washa zote, jumlisha: 2,147,483,647.

Ukiongeza moja tu, ni kama mita ya kilomita kwa gari ya zamani ikitoka 999,999 kurudi sifuri. Ila hii haisimami kwa sifuri. Inaruka hadi -2,147,483,648. Yaani msee amelala bilionea, ameamka na deni.

Cha kushangaza, hii namba ilikuwa maarufu kabla ya kompyuta kuwepo. Ni namba tasa: haigawanyiki na kitu kingine ila 1 na yenyewe. Aliyethibitisha hivyo ni Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi aliyekuwa akiishi St Petersburg, na habari ikachapishwa 1772. Kalkuleta hakuna, buda. Kuijaribu kwa kawaida kungetaka kuigawa na maelfu ya namba tasa. Euler akagundua kwamba chochote kinachoweza kuigawa lazima, ukikigawa kwa 248, kibakishe 1 au 63. Kazi ikashuka hadi majaribio yasiyozidi 372. Yote yakagonga mwamba, na hapo ndipo akajua ni tasa.

Sasa hapa ndipo inakuhusu. Kompyuta nyingi husoma saa kwa kuhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970. Kwa zile swichi 32, sekunde zitaisha tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, saa za Kenya. Sekunde moja baadaye, mashine ambayo haijarekebishwa inaweza kuamini tuko Desemba 1901.

Simu mpya nyingi ziko sawa kwa sababu zinatumia swichi 64. Ngori iko kwa mashine ambazo hakuna mtu huzigusa: kikompyuta kidogo ndani ya mtambo wa kiwanda, ama programu ya zamani ya ofisi. Na hata si lazima 2038 ifike. Programu kama hiyo ikiandika leo mkopo wa miaka 15, tarehe ya mwisho tayari imepita ule ukuta.

Kama biashara yako inategemea programu ya kitambo, muulize fundi swali moja: inaweza kuandika tarehe ya 2040? Ajaribu kwa nakala, si kwa mashine inayofanya kazi. Akisita, anza kutafuta nyingine mapema.