Jean Hélène: Msee wa Ufaransa aliyeripoti vita akiwa Nairobi, akauliwa kazini

Wasee wa Majengo, mkisikia mtu ni "mwandishi wa nje" mnaona raha tu: pasi imejaa mihuri, hoteli ya bure, ganji kama mchanga wa Nyali. Haya, sikieni stori ya Jean Hélène ndio mjue hii kazi ikoje.

Jina lake la kuzaliwa ni Christian Baldensperger. Jean Hélène lilikuwa jina la kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikaa Nairobi, akiripotia gazeti la Le Monde na redio ya RFI, zote za Ufaransa.

Mbona sehemu mbili? Waandishi wengi wa aina hii hawana mshahara wa mwezi. Wanalipwa kwa stori, na stori isipochukuliwa, umetoka kapa. Kwa hivyo safari moja unaiuza mara mbili: sauti kwa redio, maandishi kwa gazeti. Na mbona Nairobi? Ukiwa pale, Mogadishu na Kigali ni ndege fupi tu.

Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza Rwanda, wageni walikuwa wanakimbizwa watoke Kigali. Hélène alikuwa huko huko, anatuma ripoti.

Baadaye RFI ikampeleka Abidjan, Ivory Coast. Nchi ilikuwa imegawanyika tangu uasi wa Septemba 2002, na watu wengi upande wa serikali waliona vyombo vya habari vya Ufaransa vinabeba waasi. Usiku wa 21 Oktoba 2003, alikuwa nje ya makao makuu ya polisi akingoja wapinzani waliokamatwa waachiliwe, awahoji. Polisi akampiga risasi, akafa. Januari 2004 polisi huyo alihukumiwa miaka 17 jela.

Cheki vizuri: hakufia msitari wa mbele wa vita. Alifia mlangoni pa polisi, akingoja mahojiano.

Sasa wewe unayetaka hii kazi, nafasi zipo. RFI ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 2010, na Kiswahili unacho tangu utotoni. Ukiongeza Kifaransa, una silaha mbili. Lakini kabla ya kupanda ndege, uliza maswali matatu: bima ni ya nani, nikiumia nani atanitoa, na stori isipotumika nalipwa? Wakikwepa kujibu, rudi maskani ukanywe kahawa.