Mwanao Anaposomea Filamu

Mtoto akileta barua ya chuo nyumbani, mzazi humshukuru Mungu. Lakini akisema, "Mama, nimechagua kusomea filamu," wengi wetu hushtuka. Tunajiuliza kama hiyo ni kazi au ni kupoteza ada, tena tunaihofia imani yake.

Mama mpendwa, kabla hujamkatalia, kaa naye jioni moja mtazame filamu fupi, kisha mwombe akueleze imetengenezwaje. Utaona kwamba somo la kwanza la mwanafunzi wa filamu linaifaa nyumba nzima: kutokubali kubebwa na picha bila kuuliza.

Filamu nzuri ya kuanzia ni "Le Ballon rouge", yaani Puto Jekundu, ya Mfaransa Albert Lamorisse. Ina dakika 34 tu. Mwaka 1956 ilipata tuzo kuu ya filamu fupi katika tamasha la Cannes, kisha ikapewa Oscar ya mswada bora, ingawa maneno yanayosemwa ndani yake ni machache mno. Asiyejua Kifaransa ataielewa, na mtoto mdogo pia.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mvulana anayeitwa Pascal, aliyeigizwa na mtoto wa Lamorisse mwenyewe, anakuta puto kwenye nguzo ya taa akienda shule. Analichukua, nalo linamfuata kama rafiki. Watoto wengine wanaliona na kuliandama.

Usisimulie, uliza

Wanafunzi wengi wanaoanza huandika kurasa tatu wakisimulia kisa. Mwalimu anakijua kisa. Anachotaka ni jibu la swali moja: kwa nini mtengenezaji aliamua kunionyesha jambo hili kwa namna hii?

Anza na rangi. Pascal anaishi Ménilmontant, mtaa wa zamani wa Paris. Kuta ni za kijivu, barabara za kijivu, hata nguo zake ni za kijivu. Katikati ya hayo yote linapita puto jekundu linalong'aa. Hakuna aliyetuambia kwamba lina thamani, lakini jicho haliachi kulifuata. Hivyo ndivyo rangi inavyosema.

Sasa tazama mikato, yaani pale picha moja inapokoma na nyingine kuanza. Ingekuwa rahisi kumwonyesha mtoto peke yake, kisha puto peke yake, tukadhani wako pamoja. Lamorisse mara nyingi anawaweka wote wawili katika picha moja, bila kukata. Mtoto anatembea, puto nyuma yake. Anageuka, nalo linasita. André Bazin, mhakiki maarufu wa Ufaransa, alieleza kwamba hapo ndipo nguvu ya filamu hii ilipo. Tunajua kuna ujanja uliofanyika, lakini tumeliona puto kwa macho yetu likitii, basi tunauamini urafiki huo.

Pale panapouma

Kuna sehemu mbili zinazostahili kurudiwa. Ya kwanza ni Jumapili. Pascal anakwenda kanisani, puto linaingia nyuma yake, na muda si muda wote wawili wametolewa nje. Hakuna hotuba wala maelezo. Lakini mama anayetazama hawezi kukwepa swali: ni mara ngapi tumemfukuza mtoto ibadani kwa sababu ya kitu kidogo alichokipenda, tusimwulize ni nini?

Ya pili ni kifo cha puto. Wavulana wanalipiga kwa manati katika uwanja mtupu. Kamera haikimbii. Inakaa hapo wakati puto linanywea polepole, ngozi yake ikikunjamana kama ya mzee, hadi mguu wa mtoto mmoja unapolikanyaga. Lingepasuka mara moja, tungeshtuka tu. Kwa kuwa tumengojeshwa, tunaomboleza. Hiyo ni kazi ya muda: urefu wa picha huamua uzito wa huzuni.

Kisha maputo yote ya Paris yanaacha wenyewe na kumjia Pascal, yanamwinua juu ya mapaa. Wengine watauona ufufuo hapo, wengine faraja tu. Mwache mwanao aseme anaona nini, mradi aonyeshe ni picha ipi iliyomfanya aone hivyo.

Kwa nini ni muhimu nyumbani

Ufundi huu unaotuliza machozi ndio huohuo unaouza bia. Rangi, muziki, na picha iliyokaa muda mrefu huugusa moyo kabla akili haijaamka. Kijana aliyejifunza kuuliza "nani ameamua nihisi hivi?" hatavutwa kirahisi na tangazo wala na kanda chafu kwenye simu. Wala tusisahau kwamba Bwana wetu alifundisha kwa visa vifupi: shilingi iliyopotea, chachu ndani ya unga, kondoo mmoja. Hakuvieleza vyote. Aliwaachia wasikilizaji wafikiri.

Mfanye jioni moja

Itazameni filamu mara tatu. Mara ya kwanza msiandike kitu, furahini tu. Mara ya pili zimeni sauti, mhesabu ni mara ngapi picha inakatwa katika dakika moja. Mara ya tatu fumbeni macho, msikilize muziki na kelele za mtaa. Baadaye kila mmoja ajibu:

1. Ni picha ipi iliyonigusa kuliko zote, na ilifanywaje?
2. Kama puto lingekuwa jeupe, ningehisi vivyo hivyo?
3. Katika nyumba yetu, ni nani anayeshika puto ambalo hatujaliona?

Swali la tatu halitaongeza alama chuoni. Lakini huenda likawa ndilo mtakalokesha nalo.