LORI LIMETOKA SEVISI, DEREVA AKAITWA MWIZI



Mtu akisikia gari limekataa kuwaka atasema hiyo ni kazi ya fundi, chama kinaingilia nini? Nami nilifikiri hivyo mpaka mwezi wa Mei 2018, nilipoitwa kwenye shamba moja la chai si mbali na Fort Portal, magharibi ya Uganda. Dereva wa lori la majani alikuwa amepewa barua. Ilisema ameiba dizeli, tangi likakauka, lori likavuta hewa, na majani ya kutwa nzima yakaharibika. Hasara ikatwe katika mshahara wake, kisha aachishwe kazi.

Mambo yalikwenda hivi. Jumamosi lori lilifanyiwa sevisi katika gereji ya shamba: oili mpya, filta ya oili, filta ya dizeli, vichwa vya betri vikasafishwa. Jioni liliwaka vizuri. Jumatatu asubuhi stata ilizunguka muda mrefu ndipo injini ikashika. Jumanne ikawa zaidi. Jumatano lilikataa kabisa, mpaka betri ikachoka.

Ulikuwa msimu wa mvua, chai inachipua kwa wingi. Ninyi wa mashamba ya chai mnajua: jani bichi likirundikwa linapata joto, linageuka jekundu, na kiwanda hakilitaki. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Jioni ile magunia yalimwagwa, na akina mama wakarudi nyumbani bila kitu. Hasira yao yote ilimwangukia dereva. "Umekula pesa ya watoto wetu," wakamwambia mbele ya mkewe.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mwajiri asimwachishe mtu kwa kosa kabla ya kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Dereva alinichagua mimi. Nilifika Alhamisi. Lori lilikuwa limesimama palepale, fundi amekatazwa kuligusa.

Nilimwuliza dereva, "Ndugu, kabla ya sevisi lilikuwa linawakaje?"

"Mara moja tu, Katibu. Nikiligusa linaitika."

"Na habari ya Jumatatu ulimwambia nani?"

"Nilimwambia nyapara, kwa mdomo."

Karatasi hakuna. Nyapara akasema hakumbuki.

Nikamwomba Bwana Meneja twende wote kwenye lori. Tukaingiza kijiti ndani ya tangi. Dizeli ilikuwa zaidi ya nusu, na kitabu cha stoo kilionyesha hakuna iliyoongezwa tangu Jumatatu. Tangi lenye dizeli nusu haliwezi kusemwa limekauka. Fundi akabonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta. Ilikuwa laini, haina kitu ndani. Akalegeza skrubu ya kutolea hewa, akapampu: likatoka povu, kisha dizeli safi. Akakaza, tukaweka betri nyingine, injini ikawaka.

Meneja alitaka tuishie hapo. Mimi nilisema tungoje asubuhi. Ijumaa alfajiri pampu ilikuwa laini tena. Fundi akafungua filta, na wote tukaona: mpira wa duara unaoziba filta ulikuwa umebanwa upande mmoja na kupasuka. Hapo ndipo hewa ilipokuwa ikipita. Usiku dizeli inarudi tangini, hewa inashika nafasi yake, asubuhi injini inavuta hewa badala ya mafuta. Lori lisilolala usiku kucha lisingeonyesha ugonjwa huo upesi.

Nami hapo nikakosea. Nilimgeukia fundi nikapandisha sauti mbele ya watu. Mzee yule alinitazama, akasema, "Mwanangu, mpira mpya niliuomba stoo, haukuja. Nikarudisha wa zamani. Ningesema lori lisitoke, barua ile ningepewa mimi." Yeye pia ni mwanachama wetu, analipa ada kila mwezi. Nilikuwa nataka kumtoa mwenzetu mmoja motoni kwa kumtia mwingine.

Tulikaa na meneja mpaka saa nane. Ombi la mpira lilikutwa katika kitabu cha stoo, likamwokoa mzee. Barua ya dereva ikafutwa, wala hakukatwa hata senti. Tukakubaliana kwamba kila gari likifanyiwa sevisi, vipuri vilivyokosekana viandikwe, na fundi na dereva waliwashe pamoja asubuhi ya pili kabla ya kutia sahihi. Lakini kilo zilizomwagwa hazikulipwa. Tulizidai, hatukuzipata. Siwezi kuwadanganya.

Kwa madereva na mafundi wetu, shikeni haya:

1. Gari likisumbua baada ya sevisi, anza na pale palipoguswa, kabla ya kufungua kitu kingine.

2. Stata ikiwa kimya au taa hafifu, angalia kwanza vichwa vya betri na waya unaofungwa kwenye bodi. Mara nyingi nati haikukazwa.

3. Gari la petroli lenye waya za plagi, hakikisha kila waya umerudi mahali pake. Injini nyingi za silinda 4 zinawaka kwa mpango wa 1-3-4-2. Waya mbili zikibadilishana, injini itakohoa au haitashika. Tazama pia bomba la hewa kama lilirudishwa.

4. Usishike stata zaidi ya sekunde 10 hivi. Ipumzishe dakika moja au mbili, ama utaiunguza.

5. Injini za dizeli za siku hizi zina presha kubwa mno. Usilegeze mabomba ya nozeli injini ikizunguka. Dizeli hupenya ngozi, na hata kidonda kikiwa kidogo kama tundu la sindano, nenda hospitali mara moja.

6. Andika. Tarehe, saa, gari lilifanya nini, ulimwambia nani. Weka nakala yako.

Ndugu zangu, wachumaji walimshika dereva, nami nikamshika fundi, na mpira uliokosekana stoo hakuna aliyeuuliza. Siku nyingine gari likikataa, tufungue boneti kwanza, na kitabu cha stoo, ndipo tutafute mwenye kosa. Tukishikana wenyewe kwa wenyewe, hakuna atakayetuuliza tena habari ya vipuri.

Umoja ni nguvu.