Mali bila daftari: jina la tovuti yenu liko mikononi mwa nani?

Kina mama wa mtaani kwetu wana kikundi cha kuuza mikeka, kofia na achari. Maagizo mengi huwajia kupitia tovuti yao, na jina la tovuti hiyo linaishia na .org. Kijana aliyewatengenezea alilisajili kwa wakala mmoja wa mbali, kisha akaenda Ghuba kutafuta maisha. Juzi wakala akapandisha bei, na muda wa jina ulikuwa umebakisha wiki tano kuisha. Kina mama wakanituma mimi, maana ndiye katibu wao, nikauliza kama tunaweza kuhamia kwa wakala wa hapa Mombasa.

Nilijibiwa kwa simu: "Mzee, mfumo wetu si kama wa wengine. Jina haliwezi kutoka kwetu likaingia kwingine."

Ndugu msomaji, ukiambiwa hivyo usikubali upesi. Mifumo ya mawakala ni tofauti kweli, lakini ujumbe wanaoutuma ni wa namna moja. Nitaeleza.

Kila mwisho wa jina una daftari lake kuu. La .ke liko kwa KeNIC, la .org liko kwa Public Interest Registry huko Marekani. Kwa kawaida mimi na wewe hatuandiki moja kwa moja katika daftari hilo. Tunapitia kwa wakala, naye hupeleka ombi letu. Hadi mwaka 1999, majina ya .com, .net na .org yalisajiliwa na kampuni moja tu, Network Solutions. Milango ilipofunguliwa kwa wengine, likazuka swali: mawakala wengi, kila mmoja na programu yake, watazungumzaje na daftari moja?

Network Solutions ilikuwa na itifaki yake, RRP, iliyochapishwa Mei 2000. Ilifanya kazi, ila haikubeba habari za mwenye jina, kama vile anwani yake. Ndipo wataalamu wa IETF, jumuiya inayotunga kanuni za intaneti, wakaleta itifaki ya EPP. Mwandishi wake ni Scott Hollenbeck. Ilichapishwa Machi 2004, na toleo linalotumika sasa ni la Agosti 2009.

Mazungumzo yenyewe yanafanana na mgeni na mwenyeji. Kompyuta ya wakala inabisha hodi. Daftari linaitikia kwa salamu, na ndani ya salamu hiyo linaeleza linaelewa lugha zipi na linatoa huduma gani. Wakala anajitambulisha kwa jina na neno la siri. Hapo ndipo anaposema haja yake, na haja zenyewe zinahesabika: kuangalia kama jina lipo wazi, kulisajili, kusoma habari zake, kuzibadilisha, kuongeza muda, kulihamisha, kulifuta. Kila kitu kinaandikwa kwa mtindo wa XML, yaani kila habari iko ndani ya alama inayosema hii ni nini. Ni kama makasha ya bandarini yaliyobandikwa majina: huna haja ya kuvunja kasha ili ujue limebeba nini.

Majibu nayo yana namba maalumu. 1000 maana yake kazi imekamilika. 2302, ulichotaka kusajili tayari kipo. 2202, neno la siri la jina si sahihi. Namba hizo ni zile zile, awe wakala yuko Mombasa au India.

Mpangilio huo unazuia hasara pia. Chukua tarehe. Ukiandika 03/04, mmoja atasoma tarehe tatu Aprili, mwingine tarehe nne Machi. Katika EPP mwaka hutangulia, kisha mwezi, kisha siku. Tena wakala anapoomba kuongeza muda, lazima ataje tarehe ambayo muda wa sasa unaisha. Mtandao ukisuasua akatuma ombi mara mbili, la pili hukataliwa, kwa kuwa tarehe imekwisha kubadilika. Jina haliongezwi muda mara mbili kwa bahati mbaya.

Sasa turudi kwenye kuhama. Kila jina lina neno lake la siri la uhamisho. Ukimpa wakala mpya, yeye hulipeleka kwenye daftari kuu pamoja na ombi. Daftari hulihakiki, kisha humjulisha wakala wa zamani. Kwa majina kama .org na .com, akikaa kimya siku tano, jina linahama. Na ukimwomba neno hilo, kanuni zinamtaka akupe ndani ya siku tano. Kwa .ke, waulize KeNIC taratibu zao.

Nilimpata yule kijana kwa WhatsApp. "Shikamoo mwalimu," akasema, "kumbe jina bado limeandikwa langu!" Usiku ule ule aliingia kwenye akaunti yake, akafungua kufuli la uhamisho, akatutumia neno la siri. Wiki moja baadaye jina lilikuwa kwa wakala wa Mombasa, nasi tukaomba liandikwe kwa jina la kikundi.

Tulibahatika, kwa sababu kijana ni muungwana na simu yake ilipatikana. Itifaki ina njia ya kuhamisha jina, lakini njia hiyo hupita kwa aliyeandikwa kuwa mwenyewe. Kwa hivyo, kama mna kikundi, shule au duka lenye tovuti, ulizeni leo mambo matatu: jina limeandikwa la nani, barua pepe iliyosajiliwa ni ya nani, na muda unaisha lini. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lipo. Kazi yenu ni kuhakikisha mmeandikwa ndani yake.