Sauti na Vazi (2): Kwa nini mwandishi wa muziki huishia kwenye nguo

Nick Logan aliihariri New Musical Express, gazeti la muziki la kila wiki la Uingereza, hadi 1978. Mei 1980 akatoa jarida lake mwenyewe, The Face, kwa fedha za akiba ya nyumbani. Jaladani aliweka picha ya Jerry Dammers wa The Specials, bendi ya weusi na weupe iliyopiga ska ya Jamaika kwa mwendo wa Kiingereza. Kwa mtazamo wa haraka hilo lilikuwa jarida jingine tu la muziki. Lakini karatasi yake ilikuwa nzuri kuliko ya magazeti, na picha zilipewa nafasi ya kupumua. Msomaji aliona kwamba kofia ya Specials, suti yao nyembamba na miraba yao myeusi kwa myeupe vilikuwa vikisema jambo lilelile ambalo ngoma yao ilikuwa ikilisema. Baada ya miaka michache The Face likajulikana zaidi kwa mavazi kuliko kwa nyimbo.

Mwaka huohuo Terry Jones alianzisha i-D. Yeye alitokea upande wa pili, maana alikuwa amesimamia sanaa ya kurasa za Vogue. Matoleo yake ya mwanzo yalibanwa kwa pini tu, na mpigapicha wake alimsimamisha kijana wa mtaani ukutani, akampiga picha kuanzia utosi hadi viatu, kisha akamuuliza alichovaa alikitoa wapi. Mtu wa muziki na mtu wa mitindo walikutana njiani, na aliyewakutanisha ni kijana yule wa ukutani.

Wiki iliyopita nilieleza jinsi sahani za santuri zilivyoingia nyanda hizi za chai. Msomaji anaweza kuuliza Logan anahusikaje na Silibwet, soko letu hapa Bomet. Anahusika kwa sababu ya swali lililomhamisha kutoka sahani hadi nguo: msikilizaji humjibuje mwanamuziki? Wimbo ukishatoka studio, umekwisha. Msikilizaji hawezi kuuongezea hata mpigo mmoja. Anachoweza kukigeuza ni mwili wake: nywele, suruali, namna ya kufunga kamba za kiatu. Hilo ndilo jibu lake kwa mwanamuziki. Mwandishi anayeandika juu ya sahani peke yake ameandika nusu ya mazungumzo. Dick Hebdige, msomi wa Uingereza, alilijengea jambo hili kitabu kizima mwaka 1979, akiwachunguza vijana wa punk na pini zao za nguo. Nadhani alizidisha kidogo. Si kila pini ni uasi, nyingine ni pini tu. Ila msingi wake ni imara.

Kwetu Afrika, watawala walilielewa hili kabla ya wahariri. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio, na Januari 1969 Operesheni Vijana ikaanza Dar es Salaam: sketi fupi, mawigi, krimu za kuchubua ngozi na suruali za kubana vikapigwa vita. Magazeti yalijaa barua za wasomaji, wengine wakiunga mkono, wengine wakiuliza mbona suti na tai haziguswi. Ukitaka kujua kijana wa Dar alijionaje miaka ile, barua hizo zitakufaa kuliko hotuba. Huko Zaire Mobutu alikataza suti na tai, akawataka wanaume wavae abakosi, koti lisilovaliwa na tai. Papa Wemba, aliyeunda Viva la Musica mwaka 1977, akawa kinara wa wasapa, vijana walioshindana kwa suti za wabunifu wa Ulaya na Japani. Hakuna anayeweza kusimulia muziki wa Wemba akaacha viatu vyake.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet, karibu na Litein, na mitambo yake ya kurekodi. Wasichana wa Kipsigis wakamwimbia wimbo kuhusu Chemirocha. Huyo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imefika huku kwa santuri. Santuri za wakati ule ziliuzwa ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na sura ya mtu. Kwa hiyo waimbaji wakamuumba wenyewe: nusu mtu, nusu paa, mwenye miguu ya mnyama. Kwa maelezo aliyoyaacha Tracey, wasichana humhimiza Chemirocha aruke mchezo wa Kipsigis kwa nguvu mpaka achomoke ndani ya nguo zake. Rodgers wa kweli alipenda kupigwa picha na kofia ya wafanyakazi wa reli. Kapkatet hawakuiona kofia hiyo, wakampa kwato.

Sauti ilikuja bila vazi. Leo, sokoni Silibwet, vazi huja bila sauti.

Tazama siku mitumba inapotandazwa. Robota likifunguliwa, wa kwanza kufika huondoka na kamera, yaani zile safi zisizo na doa. Wa mwisho huachiwa fagia. Katikati ya lundo utakuta fulana nyeusi ya Metallica au Iron Maiden, mafuvu na radi kifuani, iliyovaliwa kwanza Ulaya au Kanada. Anayeinunua huenda ni kijana anayechuma chai asubuhi na kuendesha bodaboda jioni, na redio yake ni ya Kikalenjin. Hajasikia gitaa hata moja la bendi hiyo. Amelipenda fuvu.

Wapenzi wa roki wa Nairobi humcheka kijana wa namna hii. Mimi sioni kosa lake. Wasichana wa Kapkatet walijua machache vilevile, na kazi yao imedumu miaka zaidi ya sabini. Kitu cha kuchunguza ni anachokifanya na fulana hiyo: ameikata mikono, ameivaa juu ya shati la shule ya zamani, au ameioanisha na kofia ya kauboi iliyopendwa na wasikilizaji wa muziki wa country, ambao katika eneo hili una mizizi mirefu? Hayo ndiyo ya kuandikwa, na hayaandikwi.

Nairobi wamejaribu. Jim Chuchu alikuwa mwanamuziki wa Just A Band, kundi lililotuletea video ya Makmende mwaka 2010, kabla ya kushiriki kuunda The Nest Collective. Sunny Dolat, mtaalamu wa mitindo wa The Nest, akaongoza kazi za mavazi, na mwaka 2017 wakachapisha kitabu, Not African Enough, juu ya wabunifu wa Kenya wanaoambiwa kwamba nguo zao hazina Uafrika wa kutosha kwa sababu hazikushonwa kwa vitenge. Ni kitabu kizuri cha kutazamwa, na hoja yake ina makali. Lakini kinawahusu wabunifu wenye majina na studio. Fundi wa Silibwet anayebana suruali ya mtumba kwa cherehani ya kukanyaga hayumo.

Sababu kubwa ya haya kutoandikwa ni fedha. The Face lilikuwa na wa kununua kurasa za matangazo: kampuni za sahani kwanza, za nguo baadaye. Fulana ya mtumba imeshauzwa mara moja ng'ambo. Mwenye nembo hapati senti mpya kwa kuvaliwa kwake Bomet, basi atangaze kwa nini? Muuza mitumba naye hana haja ya tangazo, sauti yake inatosha. Jarida la mavazi ya vijana wa huku lingelazimika kuwaomba wengine: kinyozi, mpiga picha, DJ wa harusi, fundi. Tena lingefaa litoke mwezi bonasi ya chai inapolipwa, wakati mifuko ina kitu, na bei yake isizidi ile ya fulana ya fagia.

Wiki ijayo: mafundi cherehani, na kwa nini suruali ilianza kubanwa upya.